Maji Tuliyoyaweka Mchangani

Tuliporudi mjini kwetu Baraka kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mama mkwe wangu alitupokea kwa lengalenga, mchicha wa kwetu. Yeye hakukimbia vita. Mwanawe alivuka ziwa akiwa kijana, akanioa huko huko kambini, na mama akabaki miaka yote ile akilima kipande chake cha ufukweni. Siku ya pili baada ya kufika alinishika mkono akanipeleka kukiona. Matuta yalianzia pale mawimbi yanapoishia. Aliingia ziwani mpaka magotini, akachota ndoo, akageuka, akamwagilia. Akachota tena, akageuka.

"Unaona, mukaza mwana," akasema, "hapa kazi ni kugeuka tu."

Nilicheka. Nilitoka mahali ambapo maji yalikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na ugomvi. Kuwa na ziwa zima nyuma ya mgongo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kisha ziwa likapanda. Kwanza lilichukua tuta la mwisho, tukahamisha miche. Mvua zilizofuata likachukua matuta mengine, na mwishowe tukavuna vitunguu vikiwa bado vidogo, tumesimama ndani ya maji. Siku chache baadaye mvuvi mmoja alikuja akafunga mtumbwi wake kwenye mpera wa mama. Mama hakumkasirikia. Alimwambia tu aangalie asivunje matawi.

Tukahamia juu. Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, alikuwa ameacha shamba la mihogo chini kidogo ya maternite, hospitali ya kujifungulia, pale vilima vinapoanza. Udongo wake ulikuwa mwembamba, na chini yake ulikuwa mchanga mtupu, kwa sababu zamani mto mdogo ulipita hapo kabla haujahama. Wakati wa mvua maji ya vilimani yalishuka kwa kelele, yakakata shamba, yakaenda ziwani na udongo wetu. Kiangazi hapakuwa na hata tone. Tulibeba maji kutoka ziwani, bidoni, yaani dumu, mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kama tunavyobeba kuni. Katika mteremko ule mama mkwe alisimama kusalimia kila mtu, hata watu asiowajua. Alikuwa anapumzika. Mimi nilisimama naye, nikawasalimia vilevile.

Maji mengine yalipita kwetu mwaka mzima, lakini hayo hatukuyataka. Yalikuwa maji ya maternite: ya mabafu, ya kufulia, ya kuosha sakafu. Yalitoka nyuma ya jengo kwa mfereji wa wazi, ya kijivu, yana povu, yakakatiza kona ya shamba letu na kutuama huko chini. Mbu walizaliwa humo. Mbwa waliyanywa.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Mwaka wetu wa kwanza baada ya kurudi nilijifungua katika maternite hiyo. Alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia. Mkunga alifanya yote aliyoyajua, nami nilikuwa namwangalia usoni, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Mama mkwe ndiye aliyeniosha. Ndiye aliyekusanya vitenge na mashuka akaenda kuvifua kwenye sementi nyuma ya jengo, maana wakati ule kila familia ilifua nguo za mgonjwa wake. Mtoto tulimzika juu kilimani, kando ya babu yake. Mama alinipikia uji na ndagala mbichi, dagaa wa ziwani, mpaka nikapata nguvu, akanifukuzia wageni wenye maneno mengi. Lakini mimi na yeye hatukumtaja yule mtoto hata mara moja. Kadiri muda ulivyopita, kuanza kukazidi kuwa kugumu.

Injinia alikuja wakati maternite inakarabatiwa. Alikuwa mwanamke wa mji wa Uvira, mwenye sauti ya kukwaruza na buti za mpira alizozivaa hata siku za jua kali. Watu walimwita madame. Mume wangu ni mwashi, na alikuwa amepata kazi kwake ya kujenga mabafu mapya. Mchana mmoja akaja naye nyumbani, tukaketi nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta, sisi wawili, madame, na mama mkwe akichambua maharage.

Madame alisema alikuwa ameutazama mfereji na alikuwa amelitazama korongo la mvua. "Maji ya mabafu inawasumbua mwaka mzima," akasema. "Maji ya mvua inawaharibia shamba, kisha inaenda. Na kiangazi munabeba bidoni kutoka ku ziwa. Mi naona muko na maji mingi, lakini inapita wakati mubaya. Ninataka niiingize chini, ndani ya muchanga yenu, ikae huko mpaka saa mutaihitaji."

"Maji inakaa chini namna gani?" mama mkwe akauliza. "Si itakimbia ku ziwa?"

"Itaenda ku ziwa, mama, lakini mupole. Ndani ya muchanga maji inatembea kama mugonjwa anajifunza tena kutembea. Mvua ikikatika, ile maji ingali chini ya shamba yenu. Tunachimba kisima, tunaikamata mbele ifike ku ziwa."

Alichora kwa kijiti. Maji ya mabafu na ya kufulia yangeingia kwanza kwenye tangi la matofali lenye vyumba, taka zizame na mafuta yaelee. Kutoka hapo yangepita polepole ndani ya vitanda virefu vya kokoto vilivyopandwa matete, na mizizi ya matete ingefanya kazi yake. Mwishowe yangeingia kwenye mtaro mrefu uliojazwa mawe na mchanga wa chembe kubwa, na humo yangezama. Maji ya mvua yangekuwa na njia yake: yangetulizwa kwanza kwenye bwawa dogo, yaache matope, ndipo yaingie mtaroni. Choo hakikuwamo, alisema. Choo kilikuwa na shimo lake. Na taka za kuzalisha zilikuwa na shimo lingine, la kufungwa.

"Na mashuka?" akauliza mama mkwe.

"Mashuka yenye damu inalowekwa kwa dawa pembeni, na ile maji inaenda mu shimo ya kufungwa. Nyingine inafulwa, maji inakuja huku."

"Zamani haikuwa vile."

"Hapana, mama. Zamani yote ilienda mu mufereji."

"Ile maji naijua," mama mkwe akasema. Akamwaga maharage kutoka ungo hadi sufuria, akasimama, akaingia ndani.

Madame alimtazama mume wangu, naye mume wangu alitazama chini. "Mama amechoka," akasema. Nilijua ni maji yapi anayasema.

Asubuhi yake alitupa jibu, amesimama mlangoni. "Muchimbe. Udongo ni ya baba yenu, na mi siwezi kukataza. Lakini sitakula kitu inanyweshwa na ile maji, na sitaipeleka ku soko."

Tulichimba kuanzia mwisho wa kiangazi. Mume wangu aliongoza waashi, na sisi wanawake wa mtaa tulibeba mawe kutoka korongoni. Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja wa milimani, wa upande wa Minembwe, aliyekuwa ameteremka na watoto wake baada ya vita kuwafukuza kwao na ng'ombe wao kutawanyika. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Baadhi ya watu wa mtaa hawakumsalimia, maana katika vita vile walimhesabu wa upande wa pili. Mama mkwe alimsalimia, lakini kwa ufupi, na yule mama alijibu kwa ufupi vilevile, kisha kila mmoja akaendelea na safari yake. Kwenye mtaro alibeba mawe makubwa kuliko yetu. Nilipomwambia apumzike, alijibu kwamba akipumzika anawaza.

Mvua zilianza kabla hatujamaliza. Bwawa la kutulizia lilikuwa limechimbwa lakini kingo zake zilikuwa udongo mtupu, laini, uliotoka kuchimbwa juzi. Ilinyesha mchana kutwa. Tulisimama barazani tukaona maji yakishuka kutoka vilimani yana rangi ya chai ya maziwa, yakaingia bwawani, yakazunguka, na ukingo wa chini ukaanza kuyeyuka. Mume wangu alikimbia na chepe. Nilimfuata. Tulirusha mawe, tukarusha magunia, na hata bashi, turubai la kufunikia sementi, tukalitupa pale. Ukingo ulikatika huku tukiutazama. Matope yote yakashuka moja kwa moja mtaroni.

Mvua ilipokoma mtaro wetu ulikuwa umejaa tope zito, laini kama uji wa mtoto. Maji yalisimama juu yake. Hayakuzama. Mume wangu aliingia humo, akashindilia mti, akautoa, akautazama. Kisha akaketi kwenye ukingo miguu yake ikiwa ndani ya tope. Alikuwa amewaambia watu wote wa mtaa kwamba jambo hili litafaa. Wengine walikuwa wamesimama juu ya barabara, wanatazama.

Nilikwenda kukaa karibu naye. Nikaanza kumfuta tope shingoni kwa ncha ya kitenge.

Yule mama wa milimani alikuja nyuma yetu. Alisimama kidogo, kisha akasema, "Baba, kule kwetu ng'ombe wanakanyaga njia moja kila siku, na mvua ikija ile njia inageuka korongo. Wazee walikuwa wanapanda majani, mistari mistari, ya kukatisha njia. Maji inafika ku majani, inachoka. Inaacha udongo yake pale."

"Majani inaomba muda," mume wangu akasema.

"Ndiyo. Lakini tuking'oa na mizizi na udongo yake, inashika mbiyo."

Madame alipofika kesho yake alisikia habari hiyo, akafungua michoro yake na kutuonyesha mistari ya majani aliyokuwa ameiweka mwenyewe juu ya bwawa, ya kupandwa mwishoni. "Nilikosea mupango wa kazi," akasema. "Ingekuwa ya kwanza." Akamgeukia yule mama. "Utatufundisha namna ya kuing'oa?"

Basi tukarudia. Kuondoa tope mtaroni kulikuwa kazi mbaya kuliko kuchimba. Tulilitoa kwa ndoo, tukaosha mawe moja moja, tukayarudisha. Watu waliokuwa wakitazama kutoka barabarani walipungua, na wachache wakashuka kutusaidia. Yule mama wa milimani alitupeleka kando ya mto Mutambala kung'oa majani marefu, akatuonyesha jinsi ya kukata bonge la udongo chini ya mizizi na kulifunga kwa jani la mgomba lisivunjike njiani. Tulipanda mistari yake kukatisha mteremko. Kingo za bwawa tukazijengea mawe.

Mama mkwe hakushuka shambani siku zote hizo. Lakini mchana alipika, na chakula alikileta mpaka kwenye njia, akakiweka chini, akarudi. Siku ya pili ya kupanda majani niligundua kwamba sufuria la bugali limekuwa kubwa zaidi. Yule mama na watoto wake walikula pamoja nasi.

Mvua kubwa iliyofuata tulisimama tena barazani. Maji yalishuka, yakafika kwenye majani, yakapanuka, yakapunguza kelele. Bwawa likajaa. Ukingo ulishika. Yaliyoingia mtaroni yalikuwa karibu meupe, na mvua ilipopungua tukaenda kuangalia: maji yalikuwa yanashuka kati ya mawe, unayaona yakishuka, na mawe yakabaki yanang'aa. Mume wangu alipiga makofi peke yake kama mtoto.

Madame alikuwa amechimba mashimo membamba upande wa chini wa mtaro, yaliyowekwa bomba, ya kupimia. Alikuwa akiteremsha kamba yenye jiwe na kusikiliza. Kila alipokuja wakati wa mvua aliniita nisikilize naye. "Umesikia? Imepanda tena." Niliweka sikio kwenye mdomo wa bomba. Jiwe lilipogusa maji lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate. Nilizoea kwenda hata yeye asipokuwepo. Nilikuwa nateremsha jiwe na kusikiliza, na sikuweza kumweleza mtu kwa nini ninafanya hivyo.

Kiangazi kilipofika mume wangu alichimba kisima sehemu ya chini ya shamba, mbali na mtaro. Zamani hapo ungechimba mpaka uchoke. Safari hii mchanga ulianza kuwa na unyevu mapema, kisha ukawa mzito, kisha maji yakaanza kujikusanya miguuni mwake, ya baridi, hayana harufu. Alitoka kisimani akacheka, akaniambia niyashike. Niliyashika. Niliyanusa. Yalinukia mchanga tu.

Madame alipeleka chupa Uvira kupimwa, na majibu yalipokuja alituita wote wa mtaa akayaeleza bila kupamba. Maji haya si ya kunywa, alisema, na mtu asimpe mtoto. Mwaka huu wa kwanza tuanze na migomba na mipapai, na mboga zinazopikwa, na tumwagilie chini kwenye shina, tusirushie majani. Tomati za kula mbichi zingoje. Kila msimu atapima tena. Mtu mmoja aliuliza kama yeye mwenyewe angekula. "Nipe lengalenga yenye kupikwa, nakula hapa hapa," akajibu. "Ukinipa ile maji ndani ya glasi, nakataa."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya watu. Sikujua kama alisikia yote.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilikuwa peke yangu kisimani namwagilia migomba michanga. Nilimwona akishuka na njia, fimbo mkononi, akipitia kwenye majani ya yule mama wa milimani. Alifika akasimama. Aliangalia ndani ya kisima. Nilidhani atageuka.

"Mukaza mwana."

"Mama."

"Unajua kwa nini nilikataa?"

"Najua, mama."

Alikaa kwenye ukingo wa kisima. Mkono wake ulikuwa unazunguka juu ya mpini wa fimbo. "Mi ndiye nilifula zile bitenge," akasema. "Ile siku nilifula mupole sana. Bamama wengine walikuja, wakafula, wakaenda, mi ningali pale. Sikupenda nimalize. Niliwaza, nikimaliza kumwaga hii maji, haitabakia kitu. Kisha njo nikamwaga, na nikaiangalia inapita mu mufereji, inaenda mahali mbwa iko inakunywa."

Niliweka ndoo chini.

"Saa ule mama wa Uvira alikuja kusema mufereji itaingia mu shamba," akaendelea, "niliona kama munataka kunilisha mutoto wetu."

Mtoto wetu. Ndivyo alivyosema. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikalia kama sikuwahi kulia hata siku yenyewe. Naye alilia. Hatukushikana. Yeye juu ya kisima na mimi chini, kila mmoja na kitenge chake machoni. Watu walikuwa wanapita barabarani kwenda sokoni na hatukujali.

Baada ya hapo nilimwambia jambo ambalo nilikuwa sijalisema hata kwa mume wangu. Nilimwambia kwamba mimi mfereji ule nilikuwa siwezi kuutazama. Nikipita naangalia upande mwingine. Nilimwambia kwamba maji ya siku ile yalikwisha kwenda ziwani zamani, hayako hapa, na hilo nalijua. Lakini wanawake wengine bado wanajifungua pale juu, na wengine wanarudi nyumbani na mikono mitupu kama nilivyorudi mimi. "Mama," nikamwambia, "afadhali maji yao yaingie hapa, yapumzike mchangani, yatoke safi, yaoteshe kitu. Kuliko mbwa."

Alivuta kamba, akapandisha ndoo, akaingiza vidole, akavisugua pamoja.

"Iko baridi," akasema.

"Inatoka chini."

"Alikuwa na masikio ya baba yake. Uliona?"

"Niliona."

"Nilifikiri hukuona. Walimufunika mbiyo."

Tukazungumza juu yake mpaka jua likapanda: masikio, vidole, jinsi alivyokuwa mzito kwa mtoto mchanga. Mambo machache ambayo kila mmoja wetu alikuwa ameyahifadhi peke yake, tukiogopa kumuumiza mwenzake. Kisha mama akasimama, akachukua ndoo, akamwagilia mgomba mmoja. Akamwagilia chini, kwenye shina, kama madame alivyoagiza. Kwa hiyo alikuwa amesikia yote.

Masharti yake hakuyaacha hivyo hivyo. Alisema kwamba migomba ikizaa atakula ndizi zake, lakini sombe, yaani majani ya mihogo, na lengalenga angesubiri kwanza aone sisi wengine tuko salama. Tulikula mbele yake kila siku. Yule mama wa milimani naye alikula, na mama mkwe alikuwa akimtazama kwa makini sana, mpaka siku moja yule mama akamwambia, "Dada, ningali muzima." Mama mkwe akacheka hadi akakohoa. Siku hiyo akachukua sahani yake.

Soko lilikuwa jambo jingine. Habari ya mboga za maji ya maternite ilifika sokoni kabla ya mboga zenyewe. Mama mkwe angeweza kuficha. Kulikuwa na wanawake waliomshauri aseme zimetoka kando ya Mutambala. Alikataa. Mwanamke mmoja, mteja wake wa tangu siku za ufukweni, alimwuliza mbele yangu zimenyweshwa maji gani.

"Maji ya mvua na maji ya maternite, imepita mu majani, imepita mu muchanga," mama akamjibu. "Inamwagwa chini, haigusi majani. Mi nakula, batoto banakula. Uioshe, uipike muzuri."

Yule mwanamke alirudisha fungu mezani taratibu, akaenda kwa mwingine. Mama alilipanga upya fungu lile kama vile hakuna kilichotokea. Tulirudi nyumbani na mboga nyingi siku ile, na siku zilizofuata pia. Tulizigawa. Mkunga wa maternite alizichukua kwa wagonjwa wake wasio na jamaa wa kuwapikia, na nadhani hilo ndilo lililosaidia, maana watu walianza kusema kwamba kama mkunga anawapa wazazi, basi. Kufikia mwisho wa kiangazi kile, wakati bustani nyingine zimekauka, mboga zetu zilikuwa zinakwisha kabla ya saa sita. Yule mteja wa zamani hakurudi. Mama humsalimia bado.

Sasa shamba lina matuta ya mama mkwe upande mmoja na ya yule mama wa milimani upande wa pili, na kisima kiko katikati. Wanagombana juu ya zamu ya ndoo. Yule mama amepata mbuzi wawili, na kwa kuwa majani ya kwenye mistari yanakua upesi, yeye ndiye anayeyakata na kulisha mbuzi, na tope linalobaki bwawani analiondoa kila mvua zikiisha. Habari za kwao bado si nzuri. Kuna siku anapigiwa simu, anajifungia ndani hadi jioni, na mama mkwe anamwachia zamu yake.

Mwaka huu watu wa shule moja ya Kilembwe walimwita mume wangu awafanyie kama huku. Alikwenda kwa pikipiki, na vifaa vyake vimefungwa nyuma, na alikaa huko muda. Mara chache mtandao uliporuhusu alinipigia. Mwanzoni alikuwa na furaha. Kisha akaanza kujibu kwa mkato. Aliporudi alikuwa mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi viatuni, na hata kabla hajateremka vizuri nilijua.

"Udongo ya kule ni ya kufinyangia chungu," akaniambia. "Nimechimba pahali pengi. Maji inasimama tu, haizami. Niliona haya mbele ya wale bazazi, walikuwa wameanza kukusanya mawe."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Nikampigia madame. Anasema kule tufanye tangi ya juu, ya kukusanya maji ya mabati ya shule, na bwawa ya kuweka maji wazi kwa mugomba. Si kila pahali iko muchanga kama ya baba."

"Walikasirika?"

"Mwalimu mukubwa alikasirika kidogo. Kisha akaniuliza tangi itakuwa kubwa namna gani." Alivua viatu, akavigonga ukutani, vumbi likaruka. "Nitarudi wiki ijayo. Mama iko wapi?"

"Kisimani. Wanagombana."

Alicheka, akachukua taulo, akaniomba maji ya moto ya kuoga. Nikaenda kuwasha makaa.